Namna ya kumsikiliza mteja unapomkanda: mwongozo kwa wakandaji wanaoanza

Hunijia wasichana waliotoka kumaliza kozi ya masaji, cheti kibichi mkononi, wanatafuta kazi hapa Lamu mjini au kwenye nyumba za wageni kule Shela. Maswali yao ni yale yale. Nikande kwa nguvu kiasi gani? Mteja akinyamaza nifanyeje? Mbona alinishukuru sana, kisha hakurudi? Mikono wanayo mizuri, wengine kunishinda. Ila hawajafundishwa kusikiliza. Nami sikufundishwa: kwenye kozi yangu lilikuwa somo la asubuhi moja, likapita.

Nimeyaandika hapa ninayowaambia, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kila siku. Mimi huwakanda wanawake tu, kwa hiyo mifano yangu ni ya wanawake. Mkandaji wa kiume atapata wateja wengine, mahamali na wavuvi, lakini hatua ni hizi hizi.

Jambo moja ulielewe kabla ya yote. Mtu wa hapa amelelewa kustahi. Hatakuambia usoni kwamba unamuumiza. Atasema "sawa tu, mwanangu" huku vidole vya miguu vimejikunja. Tena wengi tumekua tukiambiwa kwamba kukandwa kusikouma hakufai kitu, basi mtu huuma meno akidhani ndiyo dawa inaingia. Ukingoja alalamike, utangoja mpaka umtie alama. Kazi yako ni kumrahisishia kusema "hapana", mpaka iwe nyepesi kama kusema "ndiyo".

Vitu vya kuwa navyo kabla mteja hajafika

- Viti viwili vya kimo kimoja. Usimhoji mtu akiwa amelala na wewe umesimama juu yake.
- Daftari na kalamu. Daftari liwe na mahali pa kufungia, kwa sababu mji wetu ni mdogo na vichochoro vina masikio.
- Leso mbili au shuka safi, taulo, na mito miwili au mitatu.
- Mafuta ya aina mbili yasiyo na harufu kali. Mimi hutumia ya nazi na ya ufuta. Ya lozi au karanga yasimguse mtu mpaka umeuliza kama kuna chakula kinachomdhuru.
- Maji ya kunywa na sabuni ya kunawia.
- Saa ya ukutani, uitazame bila kushika simu. Simu uzime kabisa.
- Dakika 15 za ziada kwa mteja mpya. Kama mmepatana saa nzima ya kukandwa, panga saa moja na robo. Usile dakika zake za kukandwa kwa maswali yako.

Angalia pia saa ya swala. Ukimlaza mtu karibu na adhana ya Magharibi, nusu ya akili yake itakuwa msikitini au jikoni. Mwezi wa Ramadhani mimi hupendelea baada ya Tarawehe, mteja akiwa amekunywa maji na futari imeshatulia tumboni.

Hatua kwa hatua

1. Pokea salamu mpaka mwisho.

Usikate salamu ukimbilie kazi. "Sabalkheri, waonaje, watoto hawajambo, nyumbani kwema?" Atakujibu "Alhamdulillahi" kwa kila kimoja, hata kama hakulala usiku kucha. Jibu hilo ni adabu na shukrani, usilichukue kuwa ndiyo hali ya mwili wake. Lakini wakati huo huo unaona mengi: ameketi upande mmoja, amegeuka mwili mzima badala ya kugeuza shingo, amepanda ngazi akishika goti. Yaweke kichwani, usiyataje bado.

2. Uliza swali moja, kisha unyamaze.

Swali langu ni hili: "Nini kimekuleta leo?" Kisha nafunga mdomo. Hapa ndipo wanaoanza hushindwa. Mteja akisema "uchovu tu", wao wanaruka: "Ni mgongo? Ni mabega? Unakaa sana?" Naye kwa adabu anakubali kila anachoulizwa, na ukifika mwisho umeandika maneno yako mwenyewe ukidhani ni yake.

Jibu la kwanza karibu kila mara ni la juu juu. Hesabu pumzi zako 5 kimya kimya ukimtazama kwa upole. Kimya kikikuelemea, rudia neno lake la mwisho tu: "Uchovu..." Halafu ngoja tena.

Alikuja kwangu mama mmoja, mimba yake miezi 7. Nikamuuliza, akajibu neno moja: "Kitwa." Mikono yangu ilikuwa tayari inataka kwenda kwenye kisogo na mabega. Nikajizuia, nikangoja. Akapanga leso yake magotini, akaitazama sakafu, kisha akasema, "Na mato yaona vimulimuli tangu jana." Sikumgusa. Maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona vimulimuli au ukungu, kwa mjamzito aliyepita miezi 5, huenda ni shinikizo la damu la ujauzito, lile linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Tulitoka pamoja kwenda hospitali, na presha ilikuwa juu sana. Akalazwa siku hiyo hiyo. Hadi leo nikimwona na mtoto wake pale sokoni hukumbuka nilivyokaribia kufungua chupa ya mafuta.

Neno dogo kwa mliotoka bara au hata Mombasa: wazee wetu husema kitwa kwa kichwa, mato kwa macho. Usipoelewa neno, uliza. Mzee atafurahi kukufundisha kuliko wewe kutikisa kichwa usichokijua.

3. Mwombe akuonyeshe kwa mkono.

"Mgongo" kwa mmoja ni kati ya mabega, kwa mwingine ni kiuno, kwa mwingine ni nyonga. Mwambie aweke mkono wake mwenyewe pale panapouma. Akiweka kidole kimoja, pana mahali pake. Akipitisha kiganja kote, ni eneo. Akifuata mstari kutoka kalioni kupita nyuma ya paja mpaka chini ya goti, huenda ni neva iliyobanwa kiunoni, na kumkandamiza kalio kwa kiwiko kunaweza kumzidishia.

Msikilize analiitaje hilo umivu. Kukaza na kuvuta mara nyingi ni misuli, na hapo mkono wako una kazi. Kuwaka moto, kufa ganzi, au kama sindano nyingi, hiyo ni neva: nenda taratibu, na kama mguu au mkono umepoteza nguvu, usikande, mpeleke akaonwe. Kichomi cha ghafla kifuani kinachokwenda mkono wa kushoto au taya, hiyo si kazi yako kabisa. Ni hospitali sasa hivi. Yeye akisema "nimeshikwa na mshipa", usifanye haraka kudhani umeelewa. Neno hilo lina maana nyingi. Muulize mshipa huo unafanya nini, unaanza lini, na unapungua akifanya nini.

4. Maswali ya lazima.

Haya hayasubiri mteja ayataje, kwa sababu hajui kama yanahusika. Uliza moja moja, kwa sauti ya chini, na usiulize mbele ya mama mkwe.

Una mimba, au unahisi huenda unayo? Umejifungua karibuni, na kwa njia ya kawaida au upasuaji? Unameza dawa gani? Una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo? Umewahi kuvunjika au kupasuliwa? Una homa leo? Kuna mguu uliovimba? Kuna kitu ukila au ukijipaka kinakudhuru?

Swali la dawa nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimkanda bibi mmoja wa Langoni. Nikamuuliza mara nne, "Sawa, bibi?" Akajibu mara nne, "Sawa, mwanangu." Siku ya tatu binti yake akaniita, akanifunulia mgongo wa mama yake. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi mabaka mabaka. Alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu kuganda, na mimi sikumuuliza. Bibi hakunikasirikia hata kidogo, akasema mkono wangu una baraka. Sikulala usiku ule. Mtu anayemeza dawa kama warfarin hupata kuvilia kwa damu hata kwa mkandamizo ambao mwenzake hausikii. Anaweza kupapaswa kwa mkono mwepesi tu, tena daktari wake akikubali.

Kuna mambo yanayokusimamisha papo hapo. Mguu mmoja uliovimba, una joto, unauma kwenye shavu la mguu, huenda una bonge la damu ndani ya mshipa. Ukiukanda, bonge linaweza kung'oka likapanda mapafuni na kuua. Uwe macho zaidi kwa aliyejifungua wiki chache zilizopita, aliyetoka kwenye upasuaji, na mgeni aliyekaa kwenye ndege muda wa saa 8 au zaidi kabla ya kushuka uwanja wa Manda. Wageni wengi hutaka masaji jioni ile ile waliyofika, na miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni jambo la kawaida. Mguu mmoja peke yake si kawaida. Usimwambie atembee kutoka Shela hadi mjini kwa miguu ili "damu izunguke". Mtafutie boti, aende hospitali ya King Fahad.

Nyingine za kukusimamisha: homa, ngozi iliyoungua kwa jua, kidonda au upele usioujua, maumivu ya kiuno yanayokuja na kushindwa kuzuia mkojo au ganzi kati ya mapaja. Hili la mwisho nalo ni la hospitali siku hiyo hiyo, si la kesho.

5. Patana naye kabla ya kuvua nguo.

Mwambie utakanda wapi kwa mpangilio, na umuulize wapi hataki kuguswa. Wengi hawataki kichwa, kwa sababu ya nywele au hina. Wengine hawataki tumbo. Wengine nyayo. Usiulize sababu.

Muulize pia kama angependa dada yake au mwenzake akae chumbani. Muulize kuhusu udi na harufu nyingine, hasa mjamzito. Kisha mpe alama: akinyoosha kiganja wazi pembeni ya kitanda, unaacha mara moja, bila yeye kusema kitu. Ifanyieni mazoezi mara moja akiwa bado ameketi. Kiganja huwatoka kwa wepesi hata wale ambao ulimi wao umefungwa na haya. Kwa mgeni msiyeelewana lugha vizuri, alama hii ndiyo kila kitu.

Toka nje avue nguo na kujifunika leso. Bisha hodi kabla ya kurudi, hata kama ni chumba chako.

6. Anza kwa mkono mwepesi, na usiulize "Sawa?"

Swali la "Sawa?" lina jibu moja tu hapa kwetu. Uliza swali lenye njia mbili zenye heshima sawa: "Nizidishe au nipunguze?" "Hapa au chini kidogo?" Mteja akichagua, amekwisha kuzoea kukuelekeza, na ya tatu ataisema bila kuulizwa.

Kwa vijana na wageni, tumia namba 1 mpaka 10, ambapo 10 ni maumivu yasiyovumilika. Kaa kwenye 5 au 6. Akikuambia 7, punguza, hata kama anasisitiza anaipenda. Wazee hawataki hesabu. Kwao nyepesi, wastani na nzito zinatosha.

Ila wapo ambao ulimi wao hauwezi kukuongoza. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda hasikii nyayo zake. Atakuambia "zidisha" mpaka umchubue. Aliyemeza dawa ya maumivu asubuhi ni vivyo hivyo. Hao fuata akili yako, si namba yao.

Mjamzito aliyeendelea usimlaze chali kwa muda mrefu. Mlaze ubavu, wa kushoto ukiwezekana, mto kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo.

7. Sasa sikiliza kwa mikono.

Akilala kifudifudi huuoni uso wake. Tazama vidole vya miguu, makalio, na ngumi. Vikikaza, mkono wako ni mzito. Sikiliza pumzi: ikikatika unapofika mahali, ondoa nusu ya uzito ungoje irudi. Ikishuka ndefu kama ya mtu anayekaribia kulala, umepapata. Kaa hapo hapo, usikimbilie kwingine kwa sababu ratiba yako inasema dakika 10 kila upande.

Mikono ikikuambia kitu tofauti na alichosema, mwambie kwa upole: "Ulinionyesha bega la kulia, lakini la kushoto ndilo limekaza. Nianze wapi?" Hapo ndipo niliposikia, kwa mfano, kwamba mtu amekuwa akimbeba mama yake mgonjwa kitandani miezi mitatu, jambo ambalo halikuwamo kwenye jibu la "uchovu tu". Ndiyo maana ya kumkanda mtu mzima: bega lina habari, lakini habari yenyewe iko nyumbani kwake. Hukupewa ili uitatue. Umepewa ili ujue ni bega gani, na kwa nini litarudi kukaza wiki ijayo usipomfundisha namna ya kumwinua mama bila kuinamia kiuno.

8. Akianza kuzungumza, au akilia.

Mikono isiondoke ghafla. Punguza mwendo, acha kiganja kimetulia mgongoni, na ungoje. Muulize tu: "Niendelee au nipumzishe?" Usimpe ushauri wa ndoa. Usimsimulie ya kwako. Akitaja kupigwa, au kutaka kujidhuru, msikilize bila kumhukumu, na kabla hajaondoka msaidie kufikiria nani wa kumwendea leo: ndugu anayemwamini, muuguzi, daktari.

9. Baada ya kumaliza.

Mwache alale dakika 3 au 4, ainuke polepole, kwanza aketi. Presha ya wengine hushuka na chumba kikazunguka. Mpe maji. Kisha swali la mwisho: "Kuna mahali ungependa nisingefika, au ningekaa zaidi?" Andika jibu mbele yake, kwa maneno yake mwenyewe. Siku mbili baadaye mpigie simu fupi. Maumivu kidogo ya siku moja ni kawaida. Yakizidi siku mbili, ulikanda kwa nguvu mno, na uandike hivyo daftarini.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kumkatiza mteja ili umwonyeshe ulivyosoma. Kutaja ugonjwa: wewe si daktari, na neno "diski" (ya uti wa mgongo) ukilisema wewe linaweza kumtia mtu hofu ya mwaka mzima. Kumwambia "vumilia kidogo". Neno hili liondoe kinywani kabisa. Kuongea na mwenzako huku unakanda.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kutoa siri. Ukisema kwa shangazi yako kwamba mke wa fulani alilia kitandani kwako, kabla ya Isha limefika mtaa wa Mkomani, na huna kazi tena katika mji huu. Wala hustahili.

Mambo yakikwama

*Mteja anasema "wewe ndiye unayejua, fanya utakavyo."* Usikubali mzigo huo. Kanda mikono yote miwili, mmoja kwa mkono mwepesi na mwingine mzito kidogo, dakika moja moja, kisha umuulize upi ulikuwa mzuri zaidi. Atachagua.

*Haachi kuzungumza, muda unakwisha.* Mara nyingi ni haya ya kuvuliwa nguo, au upweke. Mjibu kwa maneno machache machache na kwa sauti inayozidi kushuka. Mwambie, "Sasa nafika shingoni, tulia kidogo nisikie misuli." Wengi hunyamaza. Asiponyamaza, basi kuzungumza ndiko alikokuja kukutafuta leo. Kanda huku unasikiliza.

*Anataka nguvu zaidi na wewe unaona haifai.* Punguza mwendo badala ya kuongeza uzito. Mkandamizo ule ule ukienda polepole husikika mzito zaidi. Akisisitiza, mwambie wazi kwamba hutaki kumwumiza, na ukatae. Ataheshimu.

*Ndugu aliyemleta anajibu kwa niaba yake.* Hutokea sana kwa wazee na mabibi harusi. Mshukuru, kisha mtume akalete kitu, maji au leso nyingine, na umuulize mteja mwenyewe mkiwa wawili. Bibi harusi hasa, muulize peke yake. Hata anayesingwa na shangazi zake watatu ana haki ya kusema singo hii, yale manukato ya kusugulia mwili, inamwasha.

*Umemwumiza na umejua.* Acha, mwambie "samahani, nimezidisha", na mwulize kama mnaendelea. Usijitetee. Panapouma weka kitambaa baridi, ukiandike kilichotokea, na kesho yake uende mwenyewe kumjulia hali, usitume mtoto.

*Hakurudi.* Mpigie mara moja tu, baada ya wiki mbili. Usimuulize kwa nini hakuja, maana atakupa udhuru wa adabu. Muulize, "Lile bega laonaje?" Akieleza, sikiliza. Akisema "Alhamdulillahi" akanyamaza, mtakie heri, kisha fungua daftari lako usome ulichoandika siku ile: ni maneno yake, au ni yako?